Wimbo Ulioanza Mapema

Mwishoni mwa Machi, mwaka 1994, tulikuwa kwenye kibanja tukikata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini ili magugu yasiote. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Nyabiyonza, Karagwe, kusubiri ajira. Mama Espe, aliyefanya kibarua kwetu tangu sijazaliwa, alinitazama nilivyosimama na panga mkononi.

"Msomi, huo mgomba unaukata au unaufanyia usaili?"

Mama yangu alicheka hadi akakaa chini.

Mama Espe alikuwa Mtutsi. Alivuka mto Kagera akiwa msichana, katika machafuko ya zamani, akaolewa huku na kuzeekea huku. Mdogo wake Veronika alibaki Rwanda. Alikuwa mshonaji, na mavazi ya kwaya ya kanisa lao aliyashona yeye. Siku ile Mama Espe alisema kwamba kahawa ikishauzwa atavuka kwenda kumsalimia.

Baada ya Pasaka redio ikaanza kusema habari za mauaji. Kisha watu wa upande wa Kyerwa, wanaoishi karibu na mto, wakaacha kula samaki. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama Espe hakulia. Kila mkimbizi aliyepita njiani alimsimamisha, akamuuliza kama anamfahamu Veronika mshonaji. Alitaka kujua kama yu hai, na kama amekufa, amelala wapi.

Sisi ni Walutheri wa uamsho. Jumamosi jioni ndugu hukutana kanisani, na mwenye dhambi husimama na kuitaja mbele ya wote. Akimaliza, mtu mmoja huanzisha wimbo wa sifa, wote wanasimama, wanamkumbatia, na dhambi hiyo haitajwi tena. Mimi nilikuwa nikitubu wasiwasi. Nilitubu wasiwasi Jumamosi hii, nikaenda nyumbani nikiwa na wasiwasi kama nilitubu vizuri, nikarudi nao Jumamosi iliyofuata. Ndugu waliuimba wimbo ule juu yangu mpaka nadhani walichoka. Nilikuwa nikisubiri amani waliyoisema, kama nilivyosubiri ajira.

Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa jirani, baadhi yao walianza kuhudhuria mikutano hiyo. Walisema Kinyarwanda, na Mama Espe ndiye aliyewatafsiria kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi.

Jumamosi moja alisimama mwanamume mwembamba aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Yohana. Mama Espe akasimama kando yake.

Alisema ametembea na kundi. Mama Espe akatafsiri.

Alisema walikuwa na mapanga. Akatafsiri.

Alisema walifika kwenye nyumba ya mwanamke aliyeficha watu, mwanamke aliyeshonea kwaya, jina lake Veronika.

Mama Espe akanyamaza.

Yohana alingoja atafsiriwe. Mama Espe alikuwa ameshika ukingo wa benchi, macho chini. Sisi tusiojua Kinyarwanda tulisikia ukimya tu, na kwetu ukimya wa namna ile una maana moja: toba imeisha, machozi yamefika. Mtu wa nyuma akaanzisha wimbo.

Kanisa zima likasimama. Yohana alifungua mdomo, nadhani alitaka kuendelea, lakini sauti haikusikika. Akaanza kulia. Kama desturi ilivyo, akamkumbatia aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu naye alikuwa Mama Espe. Mikono yake ilining'inia kando ya gauni. Nyuso zetu ziling'aa kwa furaha.

Wimbo ulipokwisha, Yohana alikuwa amekwisha kutoka. Mama Espe alitwambia nje, mimi na Mama, maneno ambayo hakuyatafsiri, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya ndizi.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mwinjilisti wetu kuomba mwongozo. Nilitaka aende kambini amtafute Yohana ili amalizie. Alinisikiliza kwa upole, jambo lililonikera zaidi.

"Kijana wangu, ametubu kwa Mungu. Damu ya Mwanakondoo haidai maelezo."

"Mama Espe anadai."

"Basi tumwombee apate amani."

Nilisema amani hiyo imeshagawiwa, na aliyeipata ni mmoja tu. Akaniambia nafikiri mno. Hilo nilikuwa nalijua.

Kwa hiyo tulikwenda wenyewe, Mama Espe na mimi. Wengi kambini walikuwa watu waliokimbia tu na watoto wao, wanapika, wanachota maji. Lakini wauaji nao walikuwemo, na kila mtu alijua. Niliyafikiria yote hayo njiani, huku na huku, nikamwomba turudi. Aliendelea kutembea.

Tuliuliza habari za Yohana. Watu walicheka. Kila hema lilikuwa na Yohana wake.

Kisha vijana watatu wakasimama mbele yetu.

Mmoja alimtazama Mama Espe usoni, muda mrefu. Akamuuliza jambo kwa Kinyarwanda.

Mama Espe alimjibu kwa Kinyambo, lugha ya huku kwetu. Akamwamkia kama bibi wa Karagwe, akamlalamikia miguu, akamwambia ametafuta mbuzi wake tangu asubuhi.

Kijana akauliza tena, polepole.

Akajibu tena kwa Kinyambo.

Wakatupisha.

Hakuuliza tena habari za Yohana, kwa maana sasa hakuwa na lugha ya kuulizia. Tulirudi. Nyumbani aliosha miguu na kwenda kuchambua maharage.

Kambi zilifungwa miaka miwili baadaye, na watu wakarudishwa kwao. Nimepata ajira ya ualimu, nimesoma vitabu vingi kuhusu msamaha, na bado sijapata mtu wa kunieleza jinsi dhambi ya mtu ilivyoondolewa mbele ya mwenye msiba kabla mwenye msiba hajaambiwa msiba wake. Naamini kwamba Mungu husamehe. Kinachonichosha ni haraka yetu.

Mwaka jana Mwinjilisti alimwuliza Mama Espe, mbele yangu, kama amemsamehe yule ndugu.

"Mwinjilisti," akamjibu, "nimsamehe lipi? Sikumsikia mpaka mwisho."

Bado anakuja Jumamosi, ingawa hatafsiri tena. Anakaa benchi la mbele. Mtu anapotubu na kunyamaza, na nyuma watu wakivuta pumzi waimbe, Mama Espe huinua mkono.

"Ngojeni," husema. "Pengine hajamaliza."

Nasi tunangoja. Wengine huona aibu, wengine hukohoa. Mara nyingi mtu anakuwa amemaliza kweli, na wimbo unaanza. Veronika hana kaburi tunalolijua.