Faili Mbili za Johnson

Siku ya kwanza kazini niliitwa Omari. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa hospitali, buibui langu limepigwa pasi mara mbili, Mzungu mmoja mrefu akatoka na karatasi mkononi. "Omari! Omari yuko wapi?" Nikageuka nyuma kutazama. Omari alikuwa marehemu baba yangu. Mimi ni Mwanaidi. Alipoita mara ya tatu, karani mkuu, mzee wa Bondeni, akaninong'oneza, "Itika, mwanangu. Hapa ukishavuka mlango waitwa kwa jina la babako."

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami, kifungua mimba wa watoto wanne, niliacha shule kabla ya kumaliza. Nilishona na kupika vitumbua hata nikafika umri wa kuajiriwa, nikapata ukarani hospitalini. Ami yetu wa Lamu akaja nyumbani kwetu Mji wa Kale, akasema waziwazi: "Mwanaidi, una miezi mitatu ya majaribio. Ukithibitishwa, wadogo zako wabaki nawe. Usipothibitishwa, wavulana nawachukua mimi, na Khadija aende kwa shangazi yake Malindi." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akihesabu vinywa vya kulisha. Basi kila faili niliyoishika miezi ile niliishika kwa mikono miwili.

Chumba chetu kiliitwa masjala, yaani mahali zinapotunzwa faili za wagonjwa wote. Kanuni ilikuwa jina la ukoo litangulie, jina la mtu lifuate. Ali bin Salim aliandikwa Salim Ali, akalazwa kabati la herufi S. Kwa Wazungu mpango huo ulifaa: mume, mke na watoto wote kabati moja. Kwetu mke habadili jina la babake, kwa hivyo mama alilala huku, mwanawe kule, na babu hajulikani aliko.

Kabati lililonisumbua zaidi ni la J, kwa ajili ya Johnson. Walikuwako akina Johnson wa melini Kilindini, Johnson mwalimu, na mkuu wetu wa masjala mwenyewe alikuwa Bwana Johnson. Kisha walikuwako akina Johnson wa Taita na Rabai, waliobatizwa jina hilo misheni, wakalivaa kama jina lao la kwanza. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza mkuu maana yake.

"Ni mtoto wa John," akasema. "Kama nyinyi mnavyosema bin Yohana."

"Kwa hivyo babako aitwa John?"

"La. Arthur."

"Na babu?"

"Henry."

Karani mkuu akaweka kalamu chini. "Sasa huyo John ni nani?"

Bwana Johnson akakuna kichwa. "Hakuna ajuaye. Zamani sana mwana wa John fulani aliitwa hivyo, na wajukuu wakaliacha jina palepale."

"Masikini Arthur!" karani mkuu akasema. "Kamlea mtoto, kamsomesha, na sifa yote kachukua John!"

Tulicheka mpaka sista wa wodi akaja kutugongea ukuta. Mkuu ndiye aliyecheka zaidi.

Wiki yangu ya mwisho ya majaribio, sista yule akarudi, safari hii hakuna kicheko. "Johnson Mwakio, kuli wa bandarini. Ngiri imembana, yuko juu ya machela. Daktari ataka faili yake sasa hivi." Mgonjwa alikumbuka kwamba aliwahi kupigwa sindano hapo hospitalini akavimba mwili mzima, lakini hakujua ilikuwa dawa gani. Daktari hakutaka kumgusa kabla hajajua.

Nikapekua J, nikapekua M. Nilipata moja tu iliyoandikwa Johnson Mwakio. Nikaifungua: surua, kilo kumi na mbili, umri miaka minne. Nikaifunga. Karani mkuu akasema taratibu, "Faili ikipotea, binti, mkuu hana budi kuandika ripoti." Nilijua akiandika, sitathibitishwa.

Nikatoka mbio hadi kwenye machela. "Kaka, una mtoto?"

"Ninaye mmoja, dada," akasema, meno yameumana kwa maumivu. "Mwakio. Nimempa jina la babangu, ndiyo desturi yetu."

Hapo nikaelewa. Mtoto ni Mwakio wa Johnson, na kwa kanuni yetu akaandikwa Johnson Mwakio. Baba naye aliandikwa kama alivyojitaja, Johnson Mwakio. Karani fulani kabla yangu alikuta majalada mawili yenye maneno yaleyale, akadhani ni mtu mmoja, akayaunganisha. Nikarudi, nikaifunua ile faili ya mtoto hadi mwisho. Nyuma ya kadi ya chanjo zilikuwako karatasi za baba, na kwa wino mwekundu: asipewe penisilini. Nikaikimbiza kwa daktari, ngazi za kufika kwake sikuzihesabu.

Alipasuliwa, akapona, akatuletea mkungu wa ndizi.

Bwana Johnson aliniita. "Nani alikuambia uondoke masjala ukamuulize mgonjwa?"

"Hakuna, Bwana. Lakini kabati halijui nani ni mtoto wa nani. Yeye anajua."

Akavuta barua yangu ya kuthibitishwa, akaitia saini. Tangu mwezi ule kila jalada likaandikwa jina la mtu, la baba na la babu.

Baadaye nilipelekwa zahanati ya Tudor, kisha wodi ya wazazi, na mwisho nikarudi masjala nikiwa karani mkuu mpaka kustaafu. Nyinyi makarani vijana mna mashine zinazotafuta jina kwa kupepesa jicho. Vizuri. Lakini mgonjwa akiwa mbele yako, mwulize kwanza yeye, na faili uifungue hadi ukurasa wa mwisho.

Katika miaka yote hiyo siku niipendayo ni Ijumaa moja tu. Ami alikuja baada ya sala, wadogo zangu wamekaa chini, migongo ukutani, nguo zao zimeshakunjwa. Nikampa barua ya kuthibitishwa. Aliisoma, akaisoma tena, akavua miwani.

"Khadija," akasema, "nipakulie wali. Safari ya peke yangu ni ndefu."