Mgombea Aliyesahau Hotuba

Mume wangu alitaka kuwa mbunge. Kwetu tunasema depite, na yeye alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayenyonya pipi. Mara ya kwanza kulisikia nilicheka mpaka bukari, ugali wetu, ikaungua sufuriani.

Miaka ile kampuni ya shaba ilikuwa inakufa. Mishahara haikuja tena Kolwezi, na watu wa mji wakawa wanapanda baiskeli kuja huku kwetu mashambani, upande wa Mutshatsha, kutafuta unga. Sisi wakulima ndipo tukatajirika, Mungu atusamehe. Karani alitoa saa yake, fundi akatoa redio, mke wa mwalimu akatoa cherehani. Nyumba zetu zikajaa viti vya kifahari, kuku wakatagia humo. Kila tajiri wa mahindi akajiona mkubwa, na serikali ilipoahidi uchaguzi, wagombea wakaota kama uyoga. Utafanyika lini, hakuna aliyejua, na hilo halikumsumbua mtu.

Sasa mume wangu ni mpole, anaongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na watu. Hotuba nilimtungia mimi, maana masista walinisomesha. Kila jioni alisimama mbele ya mashini yetu ya kusaga, amevaa koti la arusi la mtu wa mjini, limembana makwapani, nami niko nyuma yake nachekecha unga. Akisahau, namkumbusha. Alisahau sana.

"Barabara," namwambia.

"Ndiyo, barabara!" anapaza sauti.

"Kisha shule."

"Kisha shule!"

Nikawaza, huyu akifika Kinshasa, itabidi Bunge linitafutie kiti nyuma yake.

Kisha mjini yakaanza maneno mengine. Baba yangu aliletwa na kampuni kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mimi nilizaliwa Kolwezi, kambini, na Kasai yenyewe sijaiona hata kwa dirisha la treni. Lakini sasa sisi wa asili ya huko tukaitwa bilulu, yaani wadudu, na wanasiasa wakasema kwenye mikro, vile vipaza sauti, kwamba wageni warudi kwao. Vijana wakavunja milango ya nyumba. Mama yangu na dada zangu wakakimbilia gare, kituo cha reli, kungoja treni ya kuwaondoa.

Siku moja kabla ya mkutano mkubwa wa kampeni, akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu na mshauri wake. Alikula kwanza. Alikula bukari yangu na sombe yangu ya majani ya muhogo, akaongezwa, akaongezwa tena, akanawa mikono. Ndipo akasema:

"Mama, usikasirike. Uende kwenu kidogo, mpaka batu bapige kura. Depite mwenye bibi mukasai, hakuna mutu atamuchagua."

"Kwetu ni wapi, tata? Kwetu ni Kolwezi pale, nyuma ya hospitali."

"Unajua mambo mi nasema."

Nilijua. Nikamgeukia mume wangu, naye akawa anachunguza kidole cha mguu wake. Ee Mungu! Mwanaume wa magunia yote yale, anajificha kwenye kidole! Iliniuma sana.

"Baba ya batoto," nikamwambia, "kwenda mi sikatai. Lakini wewe ndiye utasema, na kinywa yako, mbele ya batu."

Akatikisa kichwa, sijui ndiyo, sijui hapana. Nikafunga nguo zangu kwenye kikwembe, kitenge changu.

Kesho yake watu wakajaa uwanjani mbele ya mashini. Niliambiwa nibaki jikoni nisionekane. Nikabaki, nasonga bukari ya umati mzima. Mke alikuwa mgeni, ila mpishi alikuwa mwenyeji.

Mume wangu akapanda juu ya kamionete, gari letu dogo la mizigo. "Bandugu," akaanza, "barabara yetu imekufa!" Makofi. Kisha kimya. Kimya kikarefuka. Nikajua amefika kwenye shule. Nikauma ulimi. Leo simsaidii, nikasema moyoni, si ananifukuza?

Akageuka kuelekea jikoni, na mikro iko mdomoni bado.

"Mama ya batoto, kisha nini?"

Jamani, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikatoka na mwiko mkononi, nina hasira, nacheka pia.

"Shule! Kisha shule, wee mutu!"

Hapo mtu akaita kutoka nyuma: "Mukasai! Arudi kwao!" Kicheko kikakatika. Shemeji akamvuta mume wangu koti, aseme lile neno la kuniondoa. Mume wangu akafuta jasho, akaongea taratibu, maneno ambayo mimi sikumtungia.

"Uyu ni bibi yangu. Akienda, tunaenda bote, na mashini ya kusaga naifunga."

Walipiga makofi. Wengi waliipigia mashini, najua, sijidanganyi. Shemeji alichukua mikro yake akahamia kwa mgombea mwingine, lakini alingoja kwanza bukari iive. Uchaguzi wenyewe haukuja. Ulisogezwa mbele, ukasogezwa tena, mpaka panya wakala lile koti. Mimi nikafungua kikwembe changu, nikarudisha nguo mahali pake, nikalia kwa furaha.

Wiki ile ile tulipakia unga kwenye kamionete, tukaenda gare kumchukua mama yangu aje akae kwetu. Tulimkuta juu ya godoro lililofungwa kamba, dada zangu na watoto wao wamemzunguka, na nyuma yao watu, watu, mpaka mwisho wa reli. Kwetu mkwe hamkazii macho mama mkwe, kwa hiyo mume wangu alipiga magoti mbali kidogo, akamwomba huku anaangalia pembeni. Mama alipokea unga kwa mikono miwili.

"Mukwe wangu, ulimuchagua mutoto wangu, Mungu akubariki," akasema. "Lakini yeye ni mumoja. Sisi bote hapa, nani atatuchagua?"

Treni ilipokuja, alipanda pamoja nao. Sikumwona tena.