Mama Aliyeandikwa Kwenye Fomu

Esnah Nyambeki amechuma majani chai hapa Sosiot miaka ishirini na saba, mingi kati ya hiyo kwenye shamba langu. Ni mbishi huyo! Karani wa mizani akijaribu kumpunja hata nusu kilo, kituo kizima cha kupimia majani kitasikia. Kanisani anaimba Kikipsigis kutushinda sisi tuliozaliwa nacho. Lakini ni Mkisii, na watu wa hapa wakihitaji kulikumbuka hilo, hulikumbuka upesi.

Bintiye Nyabate alipoitwa chuo kikuu kusomea udaktari, nilichinja kuku wawili. Kisha tukaisoma barua vizuri. Serikali ingetoa sehemu, mkopo sehemu, na nyumbani laki moja na nusu kila mwaka, kwa miaka sita. Mwaka wa kwanza Esnah aliuza ng'ombe wake wa pekee. Mwaka wa pili hakuwa na cha kuuza, na mtoto akazuiwa kufanya mtihani.

Aliomba basari, ule msaada wa karo wa kata; mlangoni tu pa ofisi akaambiwa arudi kwao Ukisii. Akaenda. Huko wakamwambia hawamjui. Nilishikwa na hasira. Chuo kinajisifu kwamba kina wanafunzi wa kila kabila, kumbe mtoto wa Esnah hana hata kata moja ya kumtambua.

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Nilimwambia, "Mama Nyabate, kwenye fomu ya basari ya hapa, hapo kwa mzazi niandikwe mimi. Tuseme nimemlea tangu mdogo."

Alinisogezea kalamu. "Andika," akasema.

Siku ya mahojiano tulienda sote watatu, Esnah akibeba faili. Mwenyekiti wa kamati alisoma jina, akamtazama Nyabate.

"Hili ni jina la Kisii. Mama yako mzazi ako wapi?"

Nyabate alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Mimi niliyekuja na uongo wangu umeiva nikabaki kumtafutia leso. Esnah ndiye aliyejibu, kutoka kwenye benchi la nyuma.

"Alimtupa, mheshimiwa. Mimi nachuma chai kwa huyu mama. Niliona na macho yangu."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma. "Wamama wengine, jameni," akasema, akatia sahihi.

Pesa zilitoka, Nyabate akafanya mtihani, akapita vizuri. Esnah alirudi kuchuma Jumatatu. Nilipompelekea chai shambani aliipokea kwa mikono miwili, akaniita "madam". Miaka yote hiyo aliniita Mama Kipkurui tu; hiyo "madam" iliniuma kuliko tusi.

Fomu ile hujazwa upya kila mwaka. Jana Esnah aliileta mpya, akaiweka mezani kwangu, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama Kipkurui, mwaka huu sikuji," alisema. "Wakiuliza, waambie huyo mama alikufa. Siwezi kusema tena nilimtupa."