Nguvu za Asubuhi

Nilijua tangu chuo kikuu kwamba akili yangu hufanya kazi asubuhi tu. Jua likishapanda, kichwa changu huwa kama uji uliopoa. Kwa hiyo nilipoomba nafasi katika chuo cha uongozi wa biashara, jambo la kwanza nililowaza lilikuwa asubuhi zangu, nani angezichukua na ningezilindaje.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Tarime mjini. Mtihani wa kuingia chuo ungefanyika Musoma mwishoni mwa likizo, na nyumba ya walimu ilikuwa na kelele, nikarudi kwa mama, kijijini upande wa Nyamwaga. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Zamani kila mji ulikuwa peke yake na migomba yake, mlimani. Sasa tulikuwa tumepangwa mistari miwili kando ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, na mashamba yamebaki kule kule juu. Walisema tumesogezwa karibu na maji na shule. Maji yalikuwa bado kwenye ramani. Lililotimia lilikuwa moja tu, kwamba kila mtu aliona nani ametoka na jembe na nani hajatoka.

Mtu angeuliza, na waliuliza, kwa nini nchi inayomwita mfanyabiashara mnyonyaji iwe na chuo cha biashara. Mimi pia nilijiuliza. Lakini nilikuwa nimeliona duka letu la ushirika. Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa lundo la mapanga ambayo hakuna aliyeyaagiza, na muuzaji akisinzia juu ya mizani. Chumvi tulikuwa tukiifuata Sirari, mpakani, kwa magendo. Nilitaka kujua duka linakufaje hivyo wakati watu wote wanataka kununua. Hapakuwa na mtu wa kunijibu pale.

Nilimwomba mama asubuhi zangu. Alikuwa akipepeta ulezi, hakuniangalia.

"Na risaga?" akauliza.

Risaga ni kundi la majirani wanaolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba huwapikia na kuwapa togwa au pombe. Haina mshahara wala karani. Mtu haachi kwenda, ila akiwa mgonjwa au akiwa na msiba.

"Nitakwenda mchana," nikasema.

"Mchana wanakunywa, mwanangu. Wanalima asubuhi." Akapuliza makapi. "Haya. Soma. Nitasema nao."

Nilisogeza meza dirishani. Asubuhi za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Hesabu nilizozisahau zilirudi, na nilianza kulala mapema ili niamke na kichwa chepesi. Nilikuwa mbahili wa nguvu zangu kama wengine walivyo wabahili wa mafuta ya taa.

Kisha wageni wakaanza kuja. Kwanza mama mmoja wa mlango wa pili, na ndizi. Akakaa kitandani kwangu, akanishika paji la uso.

"Pole. Mama yako amesema hujisikii."

Mama alikuwa amesema nao, kumbe hivyo. Angesema nini? Kwamba binti yake mzima amekaa ndani anasoma wakati majirani wanamlimia? Neno la kusema hivyo halikuwepo. Lilikuwepo la ugonjwa, akalitumia.

Wakaja wengine na kuku, na mizizi ya kuchemsha, michungu, ambayo ilibidi niinywe mbele yao. Walikuja asubuhi, kabla ya shamba, kwa sababu mgonjwa hatazamwi jioni kama mtu asiye na maana. Waliketi wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja aliniuliza kama chakula kinakaa tumboni. Mwingine, bibi aliyebakiwa na meno mawili ya mbele, akacheka na kuwaambia wenzake, "Huyu mizizi haitamsaidia. Huyu atapona mwenyewe, mtoto akitoka."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa sikujua kufanya nini kingine.

Maombi yangu yalihitaji barua ya tawi la Chama. Mwenyekiti wa tawi alikuwa binamu wa marehemu baba, nami nilimwita baba mdogo. Nilimkuta akishona kiti cha baiskeli.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Unatembea? Vizuri." Akavuta uzi. "Unakwenda kujifunza kunyonya watu, nasikia."

"Nakwenda kujifunza duka lisiishiwe chumvi."

"Ukijua, uje uniambie na mimi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Barua siwezi, mwanangu. Watu wanasema hauko vizuri."

"Naumwa nini?"

Akatazama barabarani. "Mambo ya wasichana. Nikiandika kwamba una tabia njema, halafu tumbo likatokea, wilayani nitasema nini?"

"Nipeleke zahanati wanipime."

"Mganga wa zahanati ni shemeji yako. Nani atamwamini?"

"Basi nifanye nini?"

"Kalime," akasema. "Watu wakuone."

Nilimwambia kwamba wanawake wote wa kijiji hiki wanalima na mimba zao mpaka mwezi wa mwisho, mama yangu akiwamo. Kulima hakuonyeshi kitu. Alinisikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza ndoto.

"Ni kweli," akasema. "Lakini anayekuja shambani hana anachoficha."

Nilibishana naye kichwani njia nzima kurudi nyumbani. Kesho yake nilichukua jembe la zamani la dada yangu, mpini wake mkavu, nikapanda mlima pamoja nao. Walinipa mstari wa katikati, mahali ambapo kila mtu anakuona.

"Mwalimu, usilime kama unaandika ubaoni," yule bibi akaniambia. "Inama."

Niliinama. Tulilima kwa huyu, tukalima kwa yule, tukalima kwa mama. Nilisoma mchana, yaani nilifungua kitabu na kukitazama. Mstari mmoja niliurudia mpaka maneno yakatengana. Likizo ilipokaribia kwisha, baba mdogo alipita shambani, akasimama ukingoni akiwa ameshika baiskeli, akatutazama. Jioni alileta barua nyumbani mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba mimi ni mchapakazi na mpenda umoja.

Basi la Musoma lilichelewa Kirumi tukisubiri pantoni, jua likatukuta mtoni. Nilipofika kwenye chumba cha mtihani, asubuhi ilikuwa imekwisha. Malengelenge ya viganja yalikuwa yamepasuka na kalamu ilinata. Maswali niliyatambua, yalikuwa yale yale niliyoyafanya dirishani mwanzoni, nikakumbuka hata rangi ya mwanga uliokuwa mezani siku ile. Majibu hayakuja. Mahali fulani katikati ya hesabu nilisinzia, kama yule muuzaji wa duka, na msimamizi akagonga meza yangu kwa kidole.

Jibu la chuo lilipitia kwa mkuu wa shule. Sikuchaguliwa. Nilimwambia mama likizo iliyofuata, akaingia ndani, akairudisha meza dirishani ambako alikuwa ameiondoa.

"Uombe tena," akasema. "Safari hii nitawaambia unasoma."

"Watakuelewa?"

Akafuta vumbi mezani kwa kanga yake. Asubuhi yake niliamka mapema, na kichwa kilikuwa chepesi kweli. Niliketi, nikafungua kitabu. Nje nikasikia risaga wakipita, wakiitana mlango kwa mlango, kisha sauti zikapungua mbele ya mlango wetu. Hawakuita. Walisimama tu.

Jembe lilikuwa pale nilipoliacha, nyuma ya mlango. Mpini ulikuwa umeshalainika.