Fahali wa Mjomba na Dawa ya Kuku

Drateru ni jirani yangu hapa Ayivu, nje ya mji wa Arua, mjane asiye na maneno mengi, na hayo machache aliyonayo humwishia kwa shemeji yake Afedra. Mwanawe Candia alikuwa anaoa Midia, upande wa Koboko, na mjomba wa bibi harusi alidai fahali wake: mnene, mzima, anayecheua. Bila fahali huyo, hakuna mke.

Basi Drateru akamfunga fahali zizini, akamlisha mtama na pumba za mahindi. Alianza na kikombe kimoja, akaongeza polepole kwa wiki tatu. Alisema anayesaga chakula si ng'ombe, ni vijidudu vya tumboni mwake, navyo havitaki kushtushwa. Afedra akacheka. Yeye, ambaye hata kuku wake wamekonda!

Zilipobaki siku tano, fahali akaacha kucheua. Alisimama tu, masikio yameanguka, pua kavu. Drateru akachota pumba, akaona unga wa manjano.

"Shemeji, umetia nini?"

"Dawa ya kuku, mama Candia. Kidogo tu. Inaua vidudu, sasa atanona mbio."

"Na hiyo vidudu ndiyo iko nasaga chakula!"

"Mimi nataka kusaidia tu."

Kusaidia! Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani kumlisha yeye ule unga.

Drateru akamwaga pumba zote, akampa fahali nyasi, akapanda boda na dumu hadi machinjioni Arua. Alipopasuliwa ng'ombe mwenye afya, akaomba majani ya tumboni yangali moto, yenye vijidudu hai, akayakamua kwa kitambaa huku wachinjaji wakimcheka. Alimnywesha fahali maji yale kwa chupa, asubuhi na jioni, mpaka yeye mwenyewe akanuka tumbo la ng'ombe. Siku ya tatu taya la fahali likaanza kuzunguka. Drateru akaketi chini, akalia.

Jumamosi, kule Midia, mjomba Swadiki alimzunguka fahali, akatazama anavyocheua, akaridhika.

Afedra akasimama haraka. "Muzee, hii iko kazi ya dawa yangu. Nilitia mwenyewe."

"Kweli? Basi letea na mimi. Niko na ng'ombe sita."

Drateru akalinyanyua lile dumu la machinjioni, ambalo njiani alimbebea fahali maji ya kunywa. Lilikuwa bado linanuka. Akaliweka miguuni pa mzee.

"Chukua na hii, muzee. Akikupa dawa yake, utaihitaji."