Pasaka Bila Mafiga

Harufu ya Bariadi ilinifikia kabla ya Bariadi yenyewe. Ilikuwa harufu ya udongo mweusi uliolowa, iliyochanganyika na samadi na moshi wa mabua, ikaingia kupitia dirisha la basi lililokwama kwenye tope baada ya kupita Maswa. Nilikuwa na miaka kumi. Tulitoka Morogoro kwa treni, daraja la tatu, tukashuka Shinyanga na masanduku mawili, godoro lililofungwa kwa kamba na mdogo wangu Neema akiwa na homa. Kisha tukapanda basi hilo ambalo kila baada ya mwendo mfupi lilitaka wanaume washuke walisukume. Baba alishuka kila mara. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akawa anaturudisha kijijini kwao, Sapiwi, huko Bariadi, na nadhani siku ile alifurahi kupata kitu cha kusukuma. Mama alibaki kitini na Neema mapajani, akitazama nchi iliyonyooka pande zote bila mlima hata mmoja. Yeye ni Mluguru wa Matombo. Kwao kila ukiinua macho unaona mlima na mti wa matunda. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Luka, hawa watu huku wanajificha wapi wakitaka kulia?"

Bomani kwa Bibi, mama yake Baba, tulipokelewa vizuri. Sitaki kumsingizia. Kuku alichinjwa, ugali ukasongwa, jirani wakaja kutusalimia, na kila mwanamke alimwita Mama kwa lile neno lao la heshima, mayu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama jembe alipewa siku ya pili, na alilima palizi ya pamba bila kunung'unika mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tatizo halikuwa jembe. Tatizo lilikuwa mafiga. Katika boma lile mwanamke aliyeolewa hakuwa na moto wake mpaka mama mkwe amwekee mafiga matatu kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya siku hiyo alipika kwenye jiko la mama mkwe, na chakula kilichotoka hapo kilihesabiwa kuwa cha mama mkwe, hata kama aliyesonga ugali na kutokwa jasho ni yeye. Mama alikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na watoto wawili, ila kwa kuwa aliolewa mbali, pale alihesabiwa bibi harusi wa jana. Alipomuuliza Baba lini atapata jiko lake, Baba alisema mambo ya jikoni ni ya wanawake. Alipomuuliza Bibi, Bibi alisema mafiga hayaombwi. Ndivyo tulivyoishi miezi ya mvua, watu wanne katika nyumba isiyo na moshi wake, na mimi mtoto nilianza kuona aibu kwa jambo ambalo sikulielewa vizuri. Watoto wenzangu walikuwa na kwao. Mimi nilikuwa na kwa Bibi.

Pasaka ilipokaribia, habari ikaja kwamba ndugu wa Nkololo na wa Somanda wote watakuja kula kwa Bibi baada ya misa. Mama aliona mlango. Kama wageni wale wangekula kitu kilichotoka mikononi mwake, kitu ambacho hakuna mtu angeweza kusema ni cha Bibi, wangemsifu mbele ya Bibi, na Bibi angeona haya kuendelea kumnyima. Nilikuwepo alipomwambia Bibi.

"Mama, na mimi nataka niwaandalie wageni kitu."

"Jiko si hilo hapo? Pika."

"Nikipika hapo ni chakula chako."

Bibi alicheka mpaka akaufuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Sasa mayu, utawapikia juu ya nini? Juu ya kiganja?"

"Moto sina," Mama alisema. "Kisu ninacho."

Bibi aliacha kucheka, akarudi kupepeta mahindi yake. Hakukubali wala hakukataa. Ndivyo alivyokuwa, na hata leo nikimkumbuka akiwa vile, ungo mkononi na mdomo umefungwa, nasikia hasira ikinipanda.

Ijumaa Kuu jioni Mama aliomba maziwa ya mgando kwa baba mdogo Saguda, mdogo wake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa na ng'ombe wanaokamuliwa. Akayamimina kwenye kipande cha kanga safi, akakifunga na kukitundika kwenye msumari, sufuria chini yake. Usiku wote na Jumamosi yote maji ya maziwa yalidondoka, tone baada ya tone, na mwishoni kikabaki kitu cheupe kizito chenye uchachu, mfano wa siagi. Akakitia chumvi, kitunguu kilichokatwakatwa na pilipili kidogo. Alitaka kukipaka juu ya vipande vya matango, yale matango manene yanayoota katikati ya pamba. Alinunua mapapai mawili mnadani, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Mimi nilipewa kinu nitwange karanga mbichi pamoja na sukari mpaka zilainike na kutoa mafuta, kisha tukaviringisha vidonge vidogo, kila kimoja kiasi cha tonge la mtoto. Kilikuwa chakula cha kuliwa kwa mkono mmoja, hakuna sahani ya mtu na mtu, hakuna kunawa mara tatu. Mtu achukue, aweke mdomoni, aendelee na hadithi yake. Mama alikuwa amechangamka. Jumapili alikataa kwenda misani ili abaki akikata. "Mungu ana moto wake," aliniambia, "hatanikasirikia."

Kila kitu kilikuwa tayari saa sita mchana, kimepangwa kwenye sinia mbili na kufunikwa na kanga. Na kila kitu kilianza kuharibika saa sita na nusu. Gari la padri lilikuwa limekwama mtoni, misa ikachelewa, wageni hawakuonekana. Tango lililotiwa chumvi mapema hutoa maji. Yale yetu yalilia kama yamefiwa. Ndizi zikageuka rangi ya kahawia. Maziwa yakaanza kuteleza kutoka juu ya matango na kukusanyika katikati ya sinia. Mama alimwaga maji, akafuta, akapanga upya, jua likasogea, maji yakarudi. Sijawahi kumwona mtu akipigana na mboga namna ile. Mwishowe alikaa chini, mikono inanuka kitunguu, akasema vipande vingeshikana tu kama angepata vijiti. Morogoro tulikuwa tukitumia njiti za makuti, za ufagio. Sapiwi hakuna mnazi. Mimi ndiye niliyetazama ua wa boma, ua wa migunga uliozuia ng'ombe, wenye miiba mirefu myeupe iliyonyooka kama sindano. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, miiba."

Alifikiri, akakubali. "Ioshe. Na uvunje ncha zote, moja moja."

Niliketi nyuma ya nyumba na bakuli la miiba. Ncha ishirini za mwanzo nilizivunja vizuri. Vidole vikaanza kuuma, kimoja kikatoka damu, na kwa mbali nikasikia sauti za wageni wakija wakiimba. Niliona nikichelewa sitaona wanavyoshangaa. Mama akauliza kutoka ndani, "Umemaliza zote?"

"Ndiyo, Mama."

Kipande cha tango chini, maziwa katikati, papai juu, mwiba ukipita vyote. Mama aliipanga miiba ile kwa haraka, macho yake yakiwa mlangoni. Kusema kweli zile sinia zilipendeza. Sijaona tena kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye nyumba isiyo na jiko.

Wanaume waliketi kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na Mama akapita na sinia ya kwanza akipiga goti mbele ya kila mzee. Wazee walitazama. Mmoja alichukua kidonge cha karanga, akakigeuzageuza, akampa mjukuu wake. Mwingine akamwambia Mama asante, awape watoto. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kosa letu. Kwa wale watu matunda ni chakula cha watoto na wachungaji, kitu cha kula ukiwa porini. Mtu mzima aliyealikwa huketi akangoja ugali, na kumpa papai mbele za watu ni kama kumwambia akacheze na wenzake. Baba mdogo Saguda, ambaye hakuwa mtu mbaya ila hakuweza kuona kimya kikipita bila kukitania, aliinua mwiba wake juu.

"Shemeji, hapa tunakula kwanza au tunachokoa meno kwanza?"

Watu walicheka. Mama naye alicheka, akajibu, "Wewe chokoa, shemeji, labda utapata nyama ya mwaka jana." Wakacheka zaidi, na kwa muda mfupi nilidhani tumepona. Wanawake wakaanza kuonja. Mmoja akauliza maziwa yamefanywaje. Nilimwona Bibi akitazama, ungedhani anahesabu nani amekula.

Kisha Bibi Minza, dada mkubwa wa Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alipokea kipande kutoka kwa mjukuu na kukitia mdomoni chote, na mwiba wake. Hakupiga kelele. Alitoa sauti kama ya mtu anayekohoa, akaweka kiganja mdomoni, na kiganja kikarudi na damu. Mwiba ulikuwa umemchoma kwenye kaakaa. Wanawake walimzunguka, mmoja akauchomoa, mwingine akaleta maji ya chumvi. Aliendelea kuishi miaka mingi, halikuwa jeraha la kuua. Lakini hakuna aliyecheka tena. Mtu akasema kwa Kisukuma jambo ambalo sikulielewa, na Baba, aliyelielewa, akainamisha kichwa.

Bibi alisimama. "Nani ametia miiba kwenye chakula?"

Mama alinitazama. Ilikuwa nafasi yangu, ndefu ya kutosha. Nilitazama miguu yangu. "Ni mimi, mama," alisema Mama. "Sikuivunja vizuri."

"Mtu halishwi mwiba," Bibi alisema, akaanza kuokota ile iliyosalia kwenye sinia, mmoja mmoja, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Ugali ukaletwa. Watu wakala.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Mama hakuambiwa. Bibi hakusema chochote kuhusu mafiga wiki ile wala mwezi ule. Pamba ikafumuka, tukavuna, ikapelekwa kununuliwa, na Mama aliendelea kupika kwenye jiko lisilo lake chakula kisicho chake. Alikuwa akingoja Bibi aulize tena habari ya miiba. Nilijua hivyo kwa sababu mara mbili nilimsikia akijiambia, "Akiniuliza vizuri nitamweleza." Mimi nilikuwa nangoja ujasiri, na ujasiri haukuja. Ilipofika kiangazi Mama alimwambia Baba kwamba anarudi Matombo na watoto, yeye abaki au aje. Baba alisema atakuja. Alikuja mara moja, kwa wiki mbili.

Tangu hapo sijatulia mahali. Nilimaliza kidato cha nne Morogoro, nikaenda Mbeya, Kahama, Mtwara, Dodoma, kila mji nikikaa mpaka nianze kuzoeleka, kisha naondoka. Nimepanga vyumba ambavyo sikumbuki tena rangi za kuta zake. Katika kila kimoja jiko la gesi lilikuwa langu siku ya kwanza; unazungusha kitufe, moto unawaka, hakuna wa kukupa ruhusa. Mwaka jana, nikiwa safarini, nilipita Bariadi. Siku hizi ni makao ya mkoa wa Simiyu, lami imefika, na Somanda bodaboda zinapishana mpaka mlangoni mwa maduka. Mwenyeji mmoja alinialika kwenye Pasaka yao. Kabla ya chakula wasichana walipita na sinia za tikiti na nanasi zilizochomwa vijiti laini vya dukani, na wazee, wazee wa umri wa wale wa enzi zile, walichukua viwili viwili wakiendelea kuzungumza. Hakuna aliyeona ajabu. Nilishika kijiti changu nikashindwa kula. Nilitaka kuwauliza kwa nini ninyi mnaweza sasa, na kwa nini haikuwezekana siku ile moja tu, kwa mwanamke yule mmoja. Wangenijibu nini? Wangeniona kichaa. Sapiwi haiko mbali na pale, lakini sikwenda. Sijaikanyaga tena tangu siku tuliyoondoka.

Siku hiyo Bibi alitusindikiza mpaka tulipopandia gari, akiwa amembeba Neema mgongoni njia nzima. Mama alitangulia kupanda ili kushika viti. Nilibaki chini na Bibi, na kwa kuwa nilijua sitamwona tena, maneno yakatoka yenyewe.

"Bibi, ile miiba ilikuwa yangu. Nilimdanganya Mama kwamba nimeivunja."

Alimteremsha Neema, akamnyoosha gauni. "Nilijua," alisema. "Nusu ilikuwa imevunjwa ncha, nusu haikuvunjwa. Mtu mzima akianza kazi huimaliza. Ile ilikuwa kazi ya mtoto."

"Sasa mbona hukumwambia Mama?"

"Nilikuwa namngoja aje kuniambia mwenyewe. Mwanamke anayejiona yuko kwake husema." Akanisukuma begani taratibu. "Panda. Gari halikungoji."

Nilipanda. Mama alimpokea Neema kupitia dirisha, akampungia Bibi mkono, na gari lilipoanza kutembea akaniuliza Bibi alikuwa akiniambia nini muda wote ule.

"Ametutakia safari njema," nikasema.