Kaptura ya Pamba Bwawani

Kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pamba. Wageni hudhani ni kwa sababu anavaa vizuri. Siyo hivyo. Ni kwa sababu hana imani na kitambaa kingine chochote. Ukimletea nailoni anaishika kwa ncha za vidole viwili, uso kando, utadhani umempa panya aliyekufa. Lakini kitambaa akikipenda, anakiweka shavuni na kufumba macho, na hapo hata ukimwambia duka linaungua atakujibu subiri kidogo.

Mimi ni mdogo wake. Nakaa mbele ya duka, napokea wateja, nashona vifungo na kugombana naye. Tangu mama yetu afariki nimemfulia, nimempikia, na nimemsikiliza akieleza habari za pindo mpaka chakula kikapoa. Alivuka miaka arobaini bila mke, na si kwamba ana sura mbaya. Akikutana na mwanamke, kitu cha kwanza anachokitazama ni mshono wa bega, na akiuona umepinda anamwambia.

Ndipo akaja Mwalimu. Huyu hafundishi darasani, anafundisha watu kuogelea kwenye bwawa la umma nyuma ya uwanja wa michezo. Alileta koti lenye zipu mbovu. Kaka akaitengeneza, kisha akaanza kutafuta kasoro nyingine kwenye koti ambalo halikuwa na kasoro. Mwalimu akarudi na begi, akarudi na sketi, akarudi na mto wa kochi, mpaka nikajua kwamba hakuna nyumba yenye zipu mbovu kiasi hicho. Walikuwa wamependana. Nasema mimi, maana wao wenyewe walichelewa sana kusema.

Kilichobaki ni baba yake Mwalimu, dereva wa basi mstaafu. Watu wanamwita Mzee Breki kwa sababu akizungumza hufunga breki ghafla katikati ya sentensi, na wewe uliyekuwa unamfuata unabaki umeinama mbele. Tulipokwenda kujitambulisha, alimkagua kaka yangu kuanzia viatu hadi nywele.

"Kijana," alisema, "mimi maneno matamu…" Akanyamaza. Tukasubiri, kaka akiwa ameshika kikombe hewani. "…siyataki. Wewe ni fundi. Daktari ameniambia niogelee kwa ajili ya haya magoti, na kaptura za dukani zinaniwasha. Nishonee ya kuogelea. Nikiipenda, njoo tuzungumze habari za binti. Nisipoipenda, katafute zipu kwingine."

Njiani kurudi nyumbani, kaka alikuwa anatabasamu peke yake.

"Nitamshonea ya pamba," akasema.

"Pamba ya kuogelea, kaka?"

"Pamba inapumua."

"Chini ya maji inapumua nini?"

Akaongeza mwendo.

Kesho yake tulikwenda kwa mama anayeuza vitambaa. Alitutolea nailoni inayovutika, kaka akaisogeza pembeni bila kuitazama. Akatutolea mchanganyiko, poliesta nyingi na pamba kidogo ya kulainisha, akasema hiki kinakauka haraka na wanaume wengi wanakipenda. Kaka alitaka kinyume chake, pamba nyingi na poliesta kidogo ya kuzuia mikunjo.

"Fundi, hicho ni cha mashuka," yule mama akasema. "Pamba inakunywa maji."

"Na ikinywa kidogo kuna ubaya gani? Joto lenyewe hili."

Yule mama alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Kaka alikuwa ameshakiweka shavuni, na mambo yakishafika shavuni hayarudi.

Kaptura ile aliishona kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia hata kwa suti ya bwana harusi. Aliweka mifuko miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma wenye kifungo. Nilipomuuliza mifuko ya nini, alisema mwanamume mzima hawezi kwenda mahali bila mfuko. Ndani akaweka bitana ya kitambaa kilekile. Kamba ya kiunoni akaikataa kwa sababu, kwa maoni yake, kamba ni ya kufungia gunia, akatia lastiki nyembamba isiyomminya mtu tumbo. Mwisho akaipiga pasi mpaka mstari wa mbele ukasimama wima.

Baadaye akaijaribu. Alishinda nayo mwilini dukani siku nzima, akikaa, akichuchumaa na kupanda juu ya stuli. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake alimkuta fundi wake akiwa na shati, tai na kaptura ya buluu, anaruka kichura nyuma ya kaunta. Aliichukua suruali akaondoka bila kuuliza chochote.

"Iloweshe basi tuone," nikamwambia.

Kaka alishtuka kweli. Fundi mkongwe aliyemfundisha kazi alimwekea sheria kwamba nguo mpya haiguswi na maji kabla ya mwenyewe kuivaa. Maji ya kwanza ni ya mwenye nguo. Kwa suti ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Kwa nguo ya kuogelea, ni sawa na kuonja chumvi ya mchuzi kwa kuutazama. Nilimwambia hivyo, naye akaniambia nirudi kwenye vifungo vyangu.

Siku yenyewe tulifika bwawani asubuhi, wakati wa darasa la wazee. Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni, filimbi shingoni, anajifanya hatujui. Mzee Breki akatoka chumba cha kubadilishia nguo, na wenzake wote wakageuka kumtazama. Kaptura ilimkaa. Nisimnyime kaka haki yake, ilimkaa kweli. Mzee alitia mkono mmoja mfukoni akalizunguka bwawa taratibu, akatupitia, akasema, "Laini." Kaka akanishika mkono kwa furaha, na mimi nikaanza kuwaza nitavaa nini siku ya harusi.

Mzee akaingia majini. Alikwenda vizuri hadi upande wa pili, akageuka. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Pamba ilikuwa imeanza kunywa, bitana nayo inakunywa, na mifuko yote mitatu imefungua midomo inateka maji kama ndoo. Tuliiona kaptura ikivimba nyuma yake, halafu ikaanza safari yake yenyewe kuelekea chini. Karibu na katikati, mahali ambapo maji yanamfika mtu mrefu kidevuni, Mzee alifunga breki. Mkono mmoja ukapotea chini ya maji. Akabaki anapiga makasia kwa mkono uliobaki, na mtu wa mkono mmoja haendi mbele, anazunguka. Akawa anazunguka.

Mwalimu akapuliza filimbi. "Baba, mikono miwili."

"Mmoja una…" Akazunguka kwanza. "…shughuli."

"Basi toka upumzike."

"Nitatoka watu wakiisha."

Wazee wenzake wakaanza kuelewa. Mmoja akamuuliza kama huko chini analima. Wakacheka mpaka wengine wakashikilia kuta. Mwalimu alipotaka kujitosa amsaidie, baba yake akamkemea kwamba yeye ni mtoto wake na asisogee hata hatua moja. Binti akasimama pale hajui la kufanya, akageuka kumtazama kaka yangu.

Kaka anaogopa maji. Hata uso anaunawa kwa kitambaa kibichi. Na siku hiyo alikuwa amevaa suti yake bora. Nilimwona anainama kuvua viatu, nikamwambia, "Usithubutu." Akavipanga viatu sawasawa, akashuka ngazi.

Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Alikwenda kwa ncha za vidole, kidevu kikiangalia juu, tai ikielea mbele yake inamwonyesha njia. Alipomfikia Mzee alivua futi ya kupimia, ambayo haimtoki shingoni hata akivaa suti, akavuta pumzi, akazama. Sisi tuliona mapovu tu. Nilipiga kelele, sikatai. Kisha mikono yote miwili ya Mzee ikatokeza juu ya maji, na kaka akaibuka anakohoa. Alikuwa ameipandisha kaptura na kuifunga kiunoni kwa futi, fundo la kifundi. Wakatoka pamoja, Mzee mbele, kaka nyuma amekamata kitambaa kwa mikono miwili kama msimamizi anayebeba shela ya bibi harusi.

Walisimama ukingoni, maji yanamwagika kutoka mifukoni.

"Unajua kuogelea?" Mzee akamuuliza.

"Sijui, Mzee."

"Sasa uliingia kufanya nini?"

"Nguo ni yangu."

Mzee akaitazama ile kaptura iliyomfika chini ya magoti. "Kijana, kaptura hii ni…"

Akanyamaza. Sisi sote tulisubiri, maana tumeshamzoea. Kaka hakusubiri. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Mzee," akachukua viatu vyake akaelekea getini. Nimemkasirikia mtu huyu maisha yangu yote, lakini nilipouona mgongo wake ndani ya ile suti iliyoanza kurudi mikono, moyo uliniuma sana.

"…mbaya kuliko zote nilizowahi kuvaa," Mzee akamalizia. "Lakini alichokiona huyu kule chini hakiwezi kuondoka na mtu baki. Kitabaki ndani ya familia. Mwiteni."

Ukutani kuna bango linalokataza kukimbia kando ya bwawa. Mwalimu ndiye aliyelipigilia, na filimbi yake haijawahi kumsamehe mtu. Alikimbia. Alimkuta kaka getini, akamgeuza, akamwambia. Kaka, masikio yamejaa maji, akamwomba arudie. Akarudia, akiwa amemshika mashavu kwa mikono miwili.

Kaka akakaa chini palepale, viatu mapajani, akalia. Mimi pia nililia. Wanaosema nililia kwa furaha ya kuacha kumfulia hawajakosea sana, ila wao hawakuuona uso wake.